Kasino ya Simu Haina Karata za Kuhesabu

Swali limekuja tena, safari hii kutoka kwa kijana wa Watamu mwenye skrinishoti chungu nzima: "Kasino imenizuilia hela kwa sababu nilihesabu karata. Kwani kuhesabu karata ni kosa Kenya?" Nimeshaulizwa hivyo Malindi, nikaulizwa Mtwapa, nikaulizwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, karibu kwa maneno yale yale. Na kila nikiangalia alichocheza muulizaji, nakuta hakuhesabu karata hata moja. Asingeweza. Lakini kwa kuwa mwenyewe ameshaamini kwamba alihesabu, anaiandikia kasino barua ya kukiri jambo lisilowezekana, na madai yake halali yanazama humo humo.

La sheria nilijibu nipite. Kuhesabu kwa kichwa, bila kifaa na bila kuzigusa karata, ni kutumia kumbukumbu, si udanganyifu. Kasino yenye meza ikikushuku itakuomba uondoke, na wewe utaondoka na ulichoshinda.

Sasa hilo la pili, la kwamba asingeweza kuhesabu, ambalo ndilo kiini. Nimegawa karata za ishirini na moja (blackjack) kwa miaka mingi hapa pwani, Waitaliano wakifurika Malindi kila msimu wa Krismasi. Kisanduku changu kilibeba pakiti sita, yaani karata 312. Nikishazichanga, mchezaji mmoja alichomeka kadi nyekundu ya plastiki kukata, kisha mimi nikaichomeka tena karibu na mwisho, pakibaki kama pakiti moja na nusu nyuma yake. Mpaka kadi ile itokeze, karata iliyokwisha kutoka ilikuwa imelala kwenye trei mkono wangu wa kulia na hairudi. Hapo ndipo kuhesabu kunapopata nguvu yake yote. Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, alilithibitisha mwaka 1962 katika kitabu chake Beat the Dealer. Njia inayotumika sana leo ni hii: ikitoka 2 hadi 6 unaongeza moja, ikitoka kumi, mzungu au ree unapunguza moja, 7, 8 na 9 unaziacha. Zikiisha ndogo, zilizobaki ni kubwa, na kubwa humfaa mchezaji.

Ishirini na moja ya kawaida kwenye simu haina trei. Unabonyeza, programu inachagua namba kwa nasibu, inakuchorea picha za karata. Mkono ukiisha, karata zote zinarudi na kuchangwa upya kabla ya mkono unaofuata. Ree nne ulizoziona dakika moja iliyopita hazijapungua popote. Nafasi ya kuziona tena ni ile ile. Unaweza kuwa na kumbukumbu ya hafidhi na bado usipate faida ya senti moja, maana hakuna kinachobaki cha kukumbukwa.

Hapo huambiwa: "Mimi nacheza meza ya moja kwa moja, yule dada kwenye video anagawa karata za kweli." Sawa, tuhesabu. Meza hizo kwa kawaida hutumia pakiti nane, karata 416, na kadi ya kukatia huwekwa kama katikati. Tuseme hesabu yako imefika kuongeza sita, jambo zuri. Hesabu hugawanywa kwa pakiti zilizobaki. Kwenye kisanduku changu cha Malindi, kadi nyekundu ikikaribia, sita kwa moja na nusu ni nne, na hapo mtu aliweza kupandisha dau. Kwenye video hutawahi kuona chini ya pakiti nne zilizobaki: sita kwa nne ni moja na nusu. Kwa jumla, kila moja ya hesabu hiyo humwongezea mchezaji kama nusu ya asilimia moja, na nusu ya kwanza huishia kufuta faida ya kasino. Kwa dau la shilingi 1,000 umebakiwa na faida ya shilingi mbili na ushei, na hiyo ni katika mikono michache tu iliyokwenda vizuri.

Halafu kuna kodi, ambayo wanaouza fomula za kuhesabu karata hawaigusi. Tangu Sheria ya Fedha ya 2025, unakatwa asilimia 5 unapoweka hela kwenye akaunti ya kamari na asilimia 5 unapozitoa. Weka shilingi 1,000, usicheze hata mkono mmoja, zitoe: karibu shilingi 100 zimekwenda. Mhesabuji hodari wa enzi ya Thorp alihangaikia faida ya kama asilimia moja. Anayekuambia atakushindia hiyo kwa simu, juu ya makato hayo, anataka hela zako.

Na wauzaji ni wengi. Wako Telegram, wako WhatsApp, wanauza "programu ya kuhesabu karata" kama wanavyouza "predikta" ya mchezo wa Aviator. Hiyo Aviator ya kampuni ya Spribe matokeo yake hutokana na namba ya siri ya seva ikichanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau katika raundi. Kabla hawajaweka, jibu halipo. Predikta itasoma nini? Ya karata nayo husoma skrini, ikahesabu picha zisizo na uhusiano wowote na picha zijazo, ikakuandikia "ongeza dau" kwa rangi ya kijani. Linaloniudhi zaidi ni kwamba kijana anailipia, inamla, halafu siku anayoshinda kwa bahati tu, programu hiyo hiyo inaipa kampuni sababu halali ya kumkatalia: masharti ya kasino nyingi yanakataza programu za kusaidia kucheza.

Sababu za kweli za hela kuzuiliwa ni za kila siku. Laini imesajiliwa kwa jina la mama na kitambulisho ni cha mwana. Vijana watatu wa steji moja ya boda wamefungua akaunti kwa simu moja ili kila mmoja apate bonasi. Bonasi haijazungushwa mara zilizotakiwa. Au tovuti haina leseni na haikukusudia kumlipa mtu tangu mwanzo.

Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake huweza kushawishi za kwetu bila kuzifunga, zimeonyesha mpaka uko wapi. Mcheza kamari Phil Ivey alishinda pauni milioni 7.7 London mwaka 2012 kwa kumfanya mgawaji azigeuze karata ili azitambue kwa migongo yao. Mahakama ya Juu mwaka 2017 ilisema huo ni udanganyifu, hakulipwa. Andrew Green alishinda zaidi ya pauni milioni 1.7 kwenye ishirini na moja ya simu ya Betfred mwaka 2018. Kampuni ikasema programu ilikuwa na kasoro na ikajificha nyuma ya masharti yake. Mwaka 2021 mahakama iliamuru alipwe, kwa kuwa masharti hayo hayakuhusu kasoro ile na hayakuwekwa wazi kwa mchezaji. Green hakubishana juu ya ujanja wake. Alibishana juu ya maneno ya mkataba.

Basi fanya hivi, na haraka. Piga picha ya salio, historia ya michezo na ujumbe wa M-Pesa kabla akaunti haijafungwa. Andika barua pepe fupi: ni sharti gani nimevunja, mkono upi, saa ngapi? Neno "kuhesabu" usiliandike. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, dai nakala ya kumbukumbu zako zote. Angalia kama kampuni ina leseni ya Kenya; ikiwa nayo, peleka malalamiko kwa msimamizi wa kamari, ambaye kwa Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025 ni mamlaka mpya inayochukua nafasi ya ile bodi ya zamani ya kamari. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai ya hela zako zilizo mikononi mwa mwingine, hadi shilingi milioni 1, bila kulazimika kuwa na wakili, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Ikiwa leseni yao ni ya Curaçao na hela ulimtumia "wakala" kwa namba ya mtu binafsi, ripoti polisi na usiwe na matumaini makubwa. Na wakikuambia uweke kwanza shilingi 5,000 "kufungua" ulichoshinda, huo ni wizi wa pili, usitume.