Motokaa za Kale na za Kisasa: Tuzipime kwa Barabara Zetu

Wanapokutana madereva watatu hapakosi mabishano, na mabishano yao aghalabu huwa juu ya motokaa. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kusini mwa Mkoa wa Kagera, mabishano hayo yamekuwa kama desturi. Wapo wanaoapa kwamba tangu Land Rover na Peugeot za zamani zianze kuadimika, hakijaundwa tena chombo kinachostahili kuitwa gari. Wapo wengine, na wengi wao ni vijana, ambao hucheka wakisikia maneno hayo. Husema kwamba mkweche ni mkweche, hata ukipakwa rangi mpya. Sisi tumeona yafaa tuyatazame mabishano haya kwa makini, kwa sababu ndani yake mna jambo kubwa kuliko mapenzi ya watu kwa vyombo vya chuma. Mna swali hili: mwenye gari hasa ni nani? Ni yule aliyelinunua, au ni yule awezaye kulitengeneza?

Kwanza yatupasa tuijue nchi yenyewe, kwani gari halihukumiwi hewani. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika Nyakanazi na Lusahunga, wilayani Biharamulo, kisha hukata magharibi kupita Nyakahura na Benaco hadi daraja la Rusumo, penye mpaka wa Rwanda. Jina la Benaco lenyewe ni kumbukumbu ya barabara, maana lilitokana na kampuni ya Kitaliano iliyofanya kazi ya ujenzi wa njia huko. Lakini ukiiacha barabara kuu ukashika njia za vijijini, ndipo unapoiona Ngara halisi: milima mfululizo, udongo mwekundu unaotimka vumbi wakati wa kiangazi na kuteleza kama sabuni wakati wa masika, na miteremko mirefu inayoshuka mpaka Mto Ruvubu. Biharamulo nako kuna mapori ambamo mtu aweza kwenda mwendo mrefu asione hata karakana moja.

Tena dereva wa Ngara ameona mengi. Sisi Watanzania tunapita kushoto mwa barabara. Ng'ambo ya Rusumo, katika Rwanda, na ng'ambo ya Kabanga, katika Burundi, watu hupita kulia. Kwa sababu ya mpaka huo uliowatenga Mwingereza na Mbelgiji, magari yenye usukani wa kulia na yale yenye usukani wa kushoto yamekuwa yakikutana hapa. Kwa hiyo madereva wa huku ni mahakimu wanaostahili kusikilizwa.

Tuwape nafasi ya kwanza wapenzi wa magari ya kale. Fahari yao ni Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948, wakati Uingereza ilipokuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu, ambayo hailiwi na kutu kama chuma. Umbo lake lilidumu, likibadilika kidogo kidogo, hata tarehe 29 Januari 2016, gari la mwisho la ukoo huo lilipotoka katika kiwanda cha Solihull. Kufikia siku hiyo yalikuwa yamekwisha kuundwa zaidi ya milioni 2.

Hoja ya wapenzi wake ni kwamba gari hilo halina siri. Ukifunua boneti unaona kila kitu kwa macho yako: kabureta, plagi, pampu ya petroli na nyaya chache zinazohesabika. Betri ikizimika, magari mengi ya zamani yalikuwa na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Springi ya majani ikivunjika porini, dereva hodari aliweza kuifunga kwa kamba na kipande cha mti, akafika kwake pole pole. Fundi hakuhitaji zaidi ya spana, bisibisi na masikio mazuri, kwani ugonjwa wa injini aliutambua kwa kusikiliza mlio wake, kama tabibu anavyosikiliza kifua cha mgonjwa.

Wanao pia ushahidi wa mashindano. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na njia zake zilikuwa ndugu wa njia za Ngara: tope, vumbi na mawe. Peugeot 404 ilishinda mara 4, yaani miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam. Mwaka 1968 njia zilikuwa mbaya hata katika magari 93 yaliyoondoka, yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Si ajabu, basi, kama mzee aliyesafiri kwa Peugeot katika ujana wake hulitaja jina hilo kwa heshima.

Wala mapenzi haya si ya Kagera peke yake. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika mjini Arusha, shabaha ikiwa ni kuipita rekodi iliyowekwa Bad Kissingen, Ujerumani, mwaka 2018, ambako Land Rover 632 ziliandamana pamoja. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yamehifadhiwa magari yaliyotumiwa na Mwalimu Nyerere, na wageni husimama kuyatazama. Kumbe gari la kale laweza kuwa kitabu cha historia, nasi hatuoni aibu yoyote kwa mtu kulipenda.

Sasa tuwasikilize vijana. Wao hujibu kwamba historia hiyo hiyo ya Safari inawaunga mkono, maana mwaka 1970 Datsun ya Japani ilishinda, ikashinda tena 1971 na 1973, na wale waliokuwa wakiyacheka magari ya Kijapani wakanyamaza. Leo ukisimama Benaco au Nyakanazi utaona nani aliyeshinda sokoni. Toyota Hiace na Noah zimejaa. Probox, gari lililotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2002 ili libebe mizigo midogo ya wafanya biashara wa Japani, limegeuka kuwa gari la abiria wa vijijini. Watu wa Kanda ya Ziwa huziita gari ndogo za namna hiyo michomoko.

Hoja zao ni za mfukoni, nazo zina uzito. Gari dogo la kisasa hutumia mafuta kidogo kwa kuwa kompyuta yake hupima kila tone. Huwaka asubuhi ya baridi kwa kugusa ufunguo, wakati mzee wetu wa mwaka 1965 angali akisukumwa na watoto wa jirani. Vipuri vyake hupatikana dukani, ilhali mwenye Peugeot 404 huenda akatafuta kifaa kimoja miezi mitatu, kisha akakichongesha.

Na iko hoja moja ambayo wapenzi wa magari ya kale hawapendi kuijibu, nayo ni ya uhai. Mkanda wa usalama unaopita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na magari mengi yaliyosifiwa hapo juu yalitembea miaka mingi bila mkanda huo. Hayakuwa na mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, wala breki zinazozuia magurudumu yasijifunge kwenye utelezi. Bodi zake zilikuwa ngumu, ndiyo, lakini ugumu huo ulipopata kishindo uliupeleka moja kwa moja katika kifua cha binadamu. Gari la kisasa hukunjika mbele kwa makusudi, ili lipondeke lenyewe badala ya abiria. Katika miteremko ya Ngara, jambo hili si la mzaha.

Lakini tusiwaache vijana nao waondoke na ushindi wote mikononi. Usalama huo umetengenezwa kwa hesabu ya watu watano waliofunga mikanda. Mtu anapoishindilia michomoko watu kumi, wawili wakiwa kiti kimoja na dereva, amekwisha kuitupa akili yote ya mhandisi wa Japani. Gari jipya katika mikono ya mtu asiyejali ni hatari kuliko mkweche ulio katika mikono ya mtu mwangalifu.

Kadhalika, iko taa ndogo ya manjano mbele ya dereva, inayowaka ili kumwambia kwamba injini ina kasoro. Ni wangapi wameibandika karatasi ili wasiione? Ni mafundi wangapi wameikata sensa kwa sababu hawakuijua kazi yake, gari likaenda wiki mbili kisha likafa kabisa? Hapa ndipo wazee wanapochomeka hoja yao yenye nguvu kuliko zote. Gari la kisasa lina lugha yake, na lugha hiyo husomwa kwa chombo maalumu. Asiyekuwa nacho hubahatisha. Hubadili kifaa hiki, hubadili kile, na kila anapokosea mwenye gari hulipa.

Katikati ya mabishano haya liko gari moja ambalo pande zote mbili hulikubali, nalo latufundisha jambo. Ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo Watanzania wengi huiita mkonga. Ilianza kuundwa mwaka 1984, na bado haijaachwa. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2, iliyotoka mwaka 1990, iliundwa bila kutegemea kompyuta, na iliendelea kufungwa katika magari mapya yaliyopelekwa Afrika miaka mingi baada ya injini za namna hiyo kuachwa kwingineko. Ngara iliyajua magari ya jamii hii katika siku ngumu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, karibu wote kwa muda wa siku moja, na Benaco ikageuka mji mkubwa wa mahema. Chakula, maji na dawa vilihitaji magari yasiyochoka.

Somo ni nini? Ni kwamba upya na ukale haviko katika tarehe ya kiwandani. Viko katika swali kama chombo kinalingana na njia kinayopita na mikono inayokitunza. Wapenzi wa kale wana methali yao: usiache mbachao kwa msala upitao. Wapenzi wa kisasa wana yao: kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi twasema methali zote mbili ni kweli, na kila moja imeonya upande wake.

Msomaji asidhani tunazungumzia anasa. Mama mwenye uchungu wa uzazi anayetolewa kijijini usiku kupelekwa hospitali ya Murgwanza haulizi gari ni la mwaka gani. Anaomba lisizime mlimani. Mkulima wa kahawa wa Ngara na mkulima wa mahindi wa Biharamulo huuza kwa bei ya kutupa mzigo unapolala njiani. Na wako wanaokumbuka miaka ile magari yalipokuwa yakivuka mapori ya Biharamulo kwa kusindikizwa na askari kwa ajili ya majambazi. Wakati huo, gari kuharibika porini lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Kwa hiyo tuna maneno machache ya kusema. Kwa mnunuzi: kabla ya kutoa fedha, usiulize rangi wala redio. Uliza ni fundi gani wa karibu anayelijua gari hilo, vipuri vyake viko wapi, na kama tumbo lake liko juu kiasi cha kuvuka makorongo ya kwenu. Kumbuka pia kwamba gari la kuagiza lililopita miaka minane lina ushuru wake wa ziada kwa ajili ya uzee. Kwa mwenye gari la kale: litunze kama urithi, lakini lifunge mikanda, zikague breki zake, na usilipakie mzigo kwa kujivunia ujana lililokuwa nao.

Kwa mafundi wetu twasema kwamba sikio zuri lingali mali, ila halitoshi tena. Hawana budi kujifunza kusoma mashine, na wenye mamlaka ya mafunzo ya ufundi hawana budi kuhakikisha kijana wa Rulenge au Nyakahura hasafiri mpaka mji wa mbali ili akishike kwa mara ya kwanza chombo cha kupimia injini. Tena kesho inakuja haraka. Katika maporomoko ya Rusumo mmejengwa mitambo ya umeme ya megawati 80, inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na magari yaendayo kwa umeme yamekwisha kuingia katika Afrika Mashariki. Yatakapopanda milima ya Ngara, mabishano yataanza upya, na gari la leo litaitwa la kale.

Siku hiyo wabishane wapendavyo. Kwetu sisi jibu la swali tulilouliza mwanzo halitabadilika: mwenye gari ni yule anayelijua. Asiyelijua amelikodi tu, hata kama kadi ina jina lake, na kodi yake hulipa kila linaposimama njiani.