Soketi kavu za gari kuukuu hula faida ya mkulima

Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, mwenye pikapu ya petroli iliyotoka Japani zaidi ya miaka 20 iliyopita, hupiga hesabu ya matenga, mafuta na ushuru. Asichokihesabu ni soketi ya waya za injini, kipande cha plastiki kisichozidi dole gumba. Fundi akikivunja alfajiri ya siku ya soko, mzigo unabaki nyumbani ukiendelea kuiva.

Plastiki hiyo ikiwa mpya hupinda bila kukatika. Joto la injini la miaka mingi huikausha na kuibadili rangi, ikawa dhaifu kama biskuti. Kinachotangulia kukatika ni kiulimi cha kufungia, kwa kuwa ndicho hupindwa kila soketi inapofunguliwa. Zinazoathirika zaidi ni za koili, nozeli na sensa ya joto la maji. Zilizo chini ya dashibodi hudumu zaidi.

Hasara kubwa huja baadaye. Soketi isiyo na kiulimi hukaa vizuri gari likiwa gereji, lakini kwenye barabara ya makorongo hulegea na injini huanza kumisi. Mwenye gari hununua plagi, kisha koili, pengine na pampu ya mafuta, na ugonjwa uko pale pale. Fedha za mbolea zimekwisha kwa kubahatisha.

Kabla ya kugusa soketi, waya hasi wa betri ufunguliwe. Soketi za njano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Hizo zisichezewe, na Toyota huagiza kusubiri angalau sekunde 90 baada ya betri kufunguliwa. Vumbi lipulizwe. Asubuhi za baridi za Juni na Julai plastiki huwa ngumu zaidi, hivyo ni heri kazi ifanyike injini ikiwa na uvuguvugu, si moto wa kuunguza. Soketi isukumwe ndani kwanza ili kiulimi kilegee, kibonyezwe taratibu, kisha ivutwe kwa kushika mwili wake. Kuvuta waya ni kuzing'oa, na bisibisi ya kubandulia ndiyo inayovunja nyingi.

Ikiwa kiulimi pekee kimekatika, mkanda wa plastiki wa kufungia waya unatosha kuishikilia. Gundi haifai, kwani siku ya kufungua tena sensa nayo itavunjika. Mwili ukipasuka, itafutwe soketi ya gari chakavu iliyokatwa na waya wa urefu wa shibiri. Waya ziungwe mmoja mmoja kwa kufuata rangi, viungo visikae sehemu moja, na kila kiungo kivikwe mpira unaosinyaa kwa moto. Tepu peke yake hubanduka kwa joto.

Suala la nani alipe lizungumzwe kabla boneti haijafunguliwa. Plastiki ya miaka 20 huweza kuvunjika hata mikononi mwa fundi mwangalifu, na kumbebesha lawama zote si haki. Fundi anayeficha kilichovunjika ni habari nyingine. Anayenunua sensa au koili ya mtumba amwombe muuzaji aiache na soketi yake pamoja na waya. Kazi yenyewe ifanywe baada ya mavuno, gari likiwa halina mzigo unaolisubiri.