Faini ya Dereva Si Fidia Yako

Msikilizaji, mtu akigongwa na gari, ndugu zake huuliza kwanza kama dereva amekamatwa. Wakiambiwa amekamatwa, roho zinatulia. Kesi inakwenda mahakamani, dereva anakiri kuendesha kwa uzembe, anatozwa faini, analipa na kurudi kwenye usukani. Majeruhi, mguu ukiwa bado kwenye plasta, anabaki anangoja. Anangoja nini? Fedha za faini zimekwenda Serikalini.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri dhidi ya dereva. Wewe uliyeumia ni shahidi tu. Fidia ni dai jingine kabisa, na usipolidai mwenyewe hakuna atakayekudaia. Unamdai dereva na mwenye gari, na kampuni iliyolikatia gari bima ndiyo inayobeba mzigo.

Hapa Tanzania sheria inakataza gari kutembea barabarani bila bima ya kumlinda mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Jina hilo limewapotosha watu. Kwa mwenye gari ni ndogo kweli, maana haimtengenezei hata taa iliyovunjika. Lakini kwako uliyegongwa ukivuka barabara, hiyo ndiyo bima iliyowekwa kwa ajili yako, ingawa hukuilipia hata senti.

Zamani, Shirika la Bima la Taifa lilipokuwa peke yake, mtu hakuuliza aende mlango upi. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua njia kwa kampuni binafsi, na sasa milango ni mingi. Kwa hiyo pale pale kwenye ajali, wewe au ndugu yako, andikeni namba ya gari na jina la kampuni ya bima. Stika ikitiliwa shaka, huhakikiwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Chukueni PF3 polisi, na kila stakabadhi ya dawa, picha ya eksirei na nauli ya kwenda kliniki itunzwe. Nimeona watu wakifungia vitumbua karatasi zenye thamani ya maelfu ya shilingi.

Kesi ya trafiki ikimalizika, omba nakala ya hukumu. Dereva aliyepatikana na hatia atapata shida kuieleza kampuni yake kwamba kosa lilikuwa lako. Madai yakishindikana kwa mazungumzo, unayo miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya madai, na kampuni ya bima ipewe taarifa ya kesi hiyo mapema. Ikikuzungusha bila sababu, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Lakini madai mengi hayafi ofisini, hufia barabarani. Dereva anatoa noti chache, anasema, "Mzee wangu, tuyamalize hapa hapa." Au kishoka anakufuata wodini na karatasi ya kutia sahihi. Maumivu ya shingo huweza kuanza kesho yake, na mguu huweza kuhitaji kupasuliwa tena mwezi ujao. Karatasi ikisema umelipwa na huna dai tena, kampuni itaitoa kabatini siku utakayorudi. Mwambie aiache, umwonyeshe kwanza mwanasheria, na daktari aseme umepona kiasi gani.