Siku tatu na kamera katika nchi ya mawe mekundu ya Wanavajo

Na Mwandishi Wetu, Arizona

Waswahili wanaoishi Phoenix si haba, wawe wametoka Dar, Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi. Lakini ukiwauliza ni wangapi wamewahi kwenda kaskazini mwa jimbo lao kuona yale mawe mekundu ambayo Wajapani na Wajerumani wanavuka bahari kuja kuyapiga picha, jibu ni lile lile: kazi, zamu, watoto. Mji wa Page uko kilomita 440 hivi kutoka Phoenix, mwendo wa saa nne na nusu kwa gari. Ijumaa mpaka Jumapili inatosha.

Tulikuwa wanne kwenye gari moja, na kamera mbili, katikati ya Septemba. Jioni ya kwanza tulisimama Horseshoe Bend, pale Mto Colorado unapojikunja mfano wa kwato ya farasi chini ya ukingo wenye kina cha mita 300 hivi. Ni mahali pazuri, ila umati ni kama wa Kariakoo na kila mtu ana simu juu. Lenzi pana ni ya lazima, la sivyo mto hauingii wote kwenye picha. Uzio umewekwa sehemu moja tu ya ukingo, kwa hiyo mwenye watoto awashike mkono.

Asubuhi yake ikawa zamu ya Antelope Canyon. Huu ni ufa mwembamba ndani ya jiwe la mchanga, uliochongwa na maji ya mafuriko kwa miaka isiyohesabika. Uko katika ardhi ya Wanavajo, na haiingii mtu bila mwongozaji aliyeidhinishwa nao. Sababu ipo. Tarehe 12 Agosti 1997 mvua ilinyesha mbali kidogo, maji yakaja ghafla katika ufa wa chini na kuua watalii 11. Anayedhani utaratibu ule ni wa kukusanya dola tu akumbuke siku hiyo.

Ndani, rangi inatokana na mwanga unaoingia kwa juu na kurukaruka kutoka ukuta hadi ukuta: juu manjano, katikati chungwa, chini kabisa zambarau. Ukiiacha anga iingie kwenye picha, umeiharibu, maana inakuwa nyeupe tupu na kuta zinazama gizani. Elekeza kamera kwenye ukuta. Ile miale maarufu inayoshuka kama nguzo huonekana ufa wa juu, karibu na adhuhuri, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba. Stendi ya miguu mitatu hairuhusiwi, na zile ziara maalumu za wapiga picha zilizokuwapo zamani zimefutwa, hivyo panda ISO na ujiegemeze.

Mchana tuliendesha kilomita 200 hivi kuelekea Monument Valley, mpakani mwa Arizona na Utah. Hapo ndipo safari ilipobadilika ladha.

Minara ile ya mawe, mingine ikiwa na urefu wa karibu mita 300, kila mtu ameiona hata kama hajui. John Ford alipigia hapo filamu ya Stagecoach, iliyotoka mwaka 1939, na tangu hapo bonde hili likawa ndiyo sura ya "Magharibi" ya Marekani katika sinema. Wanavajo waliajiriwa kuigiza, lakini katika filamu ile waliigiza Waapache, maadui wa shujaa. Wenye nchi wakawekwa katika picha ya nchi yao kama watu wengine.

Ndiyo maana tulipokuta bango la kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hakuna aliyeshangaa katika gari letu. Mmoja wetu kakulia Karatu, njia ya Ngorongoro, na anazijua zile Land Cruiser zinazopunguza mwendo, dirisha linashuka, lenzi inatoka, kisha gari linaondoka bila hata salamu. Hapa mwenye farasi anayesimama kwenye ukingo unaoitwa John Ford's Point anapanga bei yake, nasi tulimlipa. Bibi aliyekuwa akiuza shanga alikataa, tukanunua shanga tukaondoka bila picha. Picha ya bibi yule ingekuwa nzuri kuliko zote.

Mwongozaji wetu, mama wa makamo, alituonyesha kwa mbali upande ulikokuwa na mgodi wa urani. Kati ya 1944 na 1986 karibu tani milioni 30 za mawe ya urani zilichimbwa katika ardhi ya Wanavajo, na zaidi ya mashimo 500 yaliachwa wazi. Wachimbaji wengi walikuwa Wanavajo wenyewe, na saratani ya mapafu iliwamaliza. Sheria ya fidia ilipita mwaka 1990 tu. Mwenzetu wa Lubumbashi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kuhusu Shinkolobwe, mgodi wa Katanga uliotoa urani nyingi ya bomu la Hiroshima. "Njo vile na kwetu," akatuambia sisi. Wale wawili walizungumza muda mrefu, jua likishuka, na sisi tukaendelea na kamera.

Na jua lile lilikuwa na jambo lake. Mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba, kivuli cha mnara wa West Mitten huangukia katikati kabisa ya mwenzake wa mashariki wakati wa machweo. Wapiga picha walikuwa wamejipanga tangu saa kumi. Dakika chache tu, na mwekundu wa jiwe, ambao ni kutu ya chuma iliyomo ndani ya mchanga, unawaka kama kaa.

Kwa wanaotaka kwenda: barabara ya bonde ni ya vumbi, kilomita 27, na gari dogo linateseka. Pombe ni marufuku katika ardhi ya Wanavajo. Droni pia. Chukueni maji ya kutosha na mjaze mafuta Page. Zaidi ya yote, angalieni saa: Arizona haibadilishi saa majira ya joto, Wanavajo wanabadilisha, na simu yako itayumba katikati. Ziara za Page hufuata saa ya Phoenix, Monument Valley iko mbele kwa saa moja.