Kichuguu, Jengo Lisilofungwa kwa Matengenezo

Piga jembe moja tu kwenye kichuguu kilicho hai, pembezoni mwa shamba la mahindi huko Kasulu mkoani Kigoma, saa ambayo jua linaelekea kuzama. Kipande cha ukuta kinadondoka. Ndani panaonekana vijia vyembamba vyenye giza, na pumzi ya joto yenye unyevu na harufu ya uyoga inakupiga usoni. Rudi asubuhi: tundu limezibwa. Kiraka kina rangi iliyokoza kuliko ukuta wa zamani, hakijakauka vizuri, na juu yake kimejaa vinundu kama uji wa ulezi uliogandia sufuriani. Hakuna aliyemwita fundi, na hakuna aliyetoa amri.

Katika viwanja vya burudani vya mijini, pembea kubwa ikiharibika eneo lake huzungushiwa kamba, likawekwa bango la kuomba radhi, na watoto wakaambiwa warudi mwezi ujao. Kichuguu hakina mwezi ujao. Wakazi wake zaidi ya milioni moja wanakula, wanalea na kulima humo humo huku ukuta ukibomoka na kujengwa, na kazi hiyo haikomi hadi ukoo wenyewe ufe.

Anayesafiri kwa barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, katika nyanda za juu zilizokuwa za watemi wa Heru na Muhambwe, huvipita vichuguu vingi asivihesabu. Vingine ni minara iliyochongoka, mirefu kuliko mtu. Vingine vimetanuka vikawa vilima, na juu yake imeota miti minene inayotofautiana na miyombo inayoizunguka. Upande wa mashariki wa Kibondo, nchi inaposhuka kuelekea mabonde ya maji ya Muyovozi, vichuguu hubaki vimesimama kama visiwa mbuga zinapofurika. Vikubwa kati ya hivi vyote ni kazi ya mchwa wa jenasi ya Macrotermes, mdudu ambaye watu wengi humwita ndugu wa siafu. Sivyo. Siafu ni jamaa wa nyuki na nyigu, ilhali mchwa ni wa ukoo wa mende. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa vinasaba ulioonyesha kwamba mchwa wote ni tawi moja tu la mti wa mende.

Mende hao waliojifunza ujenzi wana mgawanyo mkali wa kazi. Malkia hutaga mayai kwa maelfu kila siku. Askari wana vichwa vikubwa vyekundu na taya za kukata nyama. Wajenzi ni wafanyakazi, nao hawana macho. Kila mmoja huishi wiki kadhaa au miezi michache tu, kwa hiyo hakuna hata mmoja ambaye aliwahi kukiona, au hata kukipapasa, kichuguu chote anachokitengeneza.

Wanajuaje basi kwamba ukuta umebomoka?

Hewa ndiyo mjumbe wa kwanza. Ndani ya kichuguu hewa ni tulivu, yenye unyevu mwingi na kabonidayoksaidi nyingi. Tundu likitoboka, upepo unaingia na hali hiyo inavurugika, na mchwa aliye karibu anasikia mabadiliko hayo mwilini. Kisha zinapigwa ngoma. Askari huinua kichwa na kukigonga sakafuni takriban mara 11 kwa sekunde. Askari wa mbele anahisi mtikisiko kwa miguu yake, naye anagonga. Wa mbele yake vilevile. Watafiti wa Ujerumani Felix Hager na Wolfgang Kirchner, katika makala yao ya mwaka 2013, walipima mwendo wa taarifa hiyo kwa mchwa wa Afrika Kusini wakapata kama mita 1.3 kwa sekunde. Ni mwendo wa mtu anayetembea kawaida, na kwa mdudu mdogo kiasi hicho huo ni umbeya uendao kasi. Askari wanajipanga tunduni wakiwa wameelekeza taya nje, na nyuma yao wafanyakazi wanaanza kufika, kila mmoja na tonge lake la udongo uliolowekwa mate.

Hapa ndipo palipowatatiza wanasayansi kwa miaka mingi. Saiti ya ujenzi bila msimamizi ingekuwa vurugu tupu. Mwaka 1959 Mfaransa Pierre-Paul Grassé alipendekeza jibu: kazi yenyewe ndiyo msimamizi. Tonge moja likishawekwa, linamvuta mchwa anayefuata aweke lake hapo hapo. Rundo dogo linavuta zaidi kuliko tonge, na nguzo inavuta zaidi kuliko rundo. Hakuna anayehitaji ramani. Grassé aliliita jambo hilo stigmaji, na hadi leo wahandisi wanalitumia. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha roboti ndogo zilizopanga matofali na kujenga kuta bila mkuu wa kuziongoza, baada ya kujifunza kwa mchwa.

Zamani ilidhaniwa kwamba kinachomvuta mchwa ni harufu ya mate yaliyochanganywa na udongo. Utafiti wa miaka ya karibuni umeelekeza macho kwenye unyevu na umbo la ukuta wenyewe: mahali penye ncha au pembe hukauka upesi, na mchwa anaweka tonge lake kwa kufuata dalili hizo. Fundi mwashi wa Kibondo ataielewa hoja hii bila darasa, maana naye huusoma ukuta wake kwa kiganja kabla ya kurudi na tabaka la pili.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba kiraka cha usiku wa kwanza si matengenezo yaliyokamilika. J. Scott Turner, Mmarekani aliyewachunguza mchwa wa Namibia kwa miaka mingi, aliona kwamba mchwa hawaanzi kwa kuurudisha ukuta ulivyokuwa. Kwanza wanajaza pengo kwa kitu kama sifongo, nguzo na vijia vilivyosongamana ovyo, ili upepo ukome. Baada ya hapo, kwa wiki na miezi, wanakipunguza na kukijaza sifongo hicho. Tonge linatolewa hapa na kuwekwa pale, vijia vya ndani vinazibwa, na udongo unasogezwa nje kidogo kidogo hadi ukuta uwe laini kama ulivyokuwa. Anayepita mchana anaona kichuguu kilichokufa ganzi. Ndani kuna saiti inayochapa kazi.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa ajili ya shamba. Mchwa wa jenasi hii hawezi kumeng'enya vizuri miti na nyasi anazozikata. Anazimeza, anazitoa tumboni zikiwa nusu mbichi, anazipanga kama masega na kupanda juu yake kuvu aitwaye Termitomyces. Kuvu anaozesha, mchwa anakula. Mvua zinapoanza, kuvu huyo huchomoza juu ya ardhi kuwa uyoga mkubwa mweupe ambao wakazi wa misitu ya miyombo huuokota, wakaupika au kuuanika. Lakini kuvu ni mmea wa kudeka, ukipenda kumwita mmea: anataka joto la karibu nyuzi 30 na unyevu usiopungua, na shamba lote linahitaji hewa inayobadilishwa. Usiku wa Julai mjini Kasulu, mahali palipo juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, watu hulala chini ya mablanketi. Shimoni chini ya kichuguu, shamba haliijui baridi hiyo.

Mswisi Martin Lüscher alieleza mwaka 1961 kwamba hewa yenye joto hupanda katikati ya kichuguu, ikapoa kwenye vijia vya ukutani na kushuka tena. Turner alipinga picha hiyo nyepesi. Kwa vichuguu vya Namibia alionyesha kwamba upepo wa nje ndio unaoisukuma na kuivuta hewa, kama pumzi ya mapafu. Mwaka 2015 Hunter King na wenzake, waliopima vichuguu vya India, wakaona tofauti ya joto la mchana na usiku ikigeuza mkondo wa hewa kila siku. Huenda kila aina ya mchwa ina njia yake. Wasomi wote hao wanakubaliana katika hili: ukuta unapumua, una vinyweleo, na ukiharibika shamba linaharibika. Jumba la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce, lilichukua wazo hilo na kupoza ofisi kwa hewa ya usiku badala ya viyoyozi vya kawaida.

Ukuta wenye vinyweleo, hata hivyo, una adui mmoja mkubwa, naye ni mvua. Nyanda za Kigoma hupata mvua tangu Oktoba hadi Mei, na kila mvua inakula kichuguu. Udongo unateremka, unatandaa chini ukawa kama sketi pana kuzunguka mnara. Mchwa nao wanapandisha udongo mwingine kutoka chini sana, pamoja na maji yake. Urefu wa kichuguu, kwa hiyo, ni matokeo ya mashindano kati ya mvua na mate, na siku mchwa watakapoacha ndipo mvua itakaposhinda. Hapo ndipo neno "jengo" linapoanza kupwaya. Tunachokiona kimesimama ni matengenezo yenyewe.

Na matengenezo hayo yana umri. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika miyombo ya Katanga nchini Kongo, watafiti walipima kaboni ndani ya vichuguu vya Macrotermes falciger, wakachapisha mwaka 2015 kwamba kimoja kilikuwa na miaka ipatayo 2,200. Koo baada ya koo zimekirithi. Upande huu wa ziwa, kwenye Bonde la Ufa la Rukwa hapa Tanzania, mwaka 2016 timu iliyoongozwa na Eric Roberts ilitangaza visukuku vya viota vya mchwa vikiwa na masega ya kuvu ndani yake, vya miaka milioni 25. Kilimo cha binadamu hakifikishi hata miaka elfu 15.

Binadamu naye ana hesabu yake na kichuguu. Udongo wake una mfinyanzi mwingi na hushikana vizuri, ndiyo maana wafyatuaji wa matofali huutafuta, na wenye nyumba huutumia kukandika kuta na kusawazisha sakafu. Hata wakimbizi wa eneo hili wamejenga kwa udongo. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilianza 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2015 likaja wimbi la Warundi, na kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa tena. Mahema hayadumu, na familia nyingi zikajenga kwa matofali mabichi ya udongo. Nyumba ya namna hiyo inaishi maisha ya kichuguu: mvua inailamba miguuni, na mwenyewe asipoikandika upya kila kiangazi, msimu wa tatu itapiga magoti. Huko Djenné nchini Mali, msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa upya mwaka 1907 hukandikwa na mji mzima kila mwaka, na kazi hiyo imekuwa sikukuu. Mama anayesiliba ukuta wake peke yake Nyarugusu, mtoto mgongoni, anafanya kazi ileile na anastahili heshima ileile.

Wakulima nao hulipenda eneo la kichuguu kwa sababu udongo wake mara nyingi una madini mengi kuliko ardhi ya jirani. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuchota udongo ulioteremka pembeni na kuchimba hadi chumba cha malkia. Pengo la kwanza mchwa wataliziba. Malkia akiuawa, kwa kawaida ukoo mzima hukatika, na kilima kilichochukua mamia ya miaka kinaachiwa mvua.

Aliyeielewa tabia ya mchwa ya kuziba matundu kuliko wote ni sokwe. Magharibi ya Kasulu, milima inaposhuka ziwani, ipo Hifadhi ya Gombe. Mtafiti Jane Goodall alifika hapo Julai 1960, na Novemba mwaka huo akamwona dume aliyempa jina David Greybeard akichomeka ukoka ndani ya kichuguu, akautoa ukiwa umejaa mchwa, na kuwala. Habari hiyo iliutikisa ulimwengu wa sayansi, kwani ilidhaniwa binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Mvuvi huyo alikuwa anatumia ulinzi wa saiti: askari waliokimbilia tunduni huuma chochote kinachoingia, na hawaachii. Na alijua pa kutoboa. Sokwe hukwangua kwa kidole mahali ambapo ukuta ni mwembamba, pale ambapo wafanyakazi wameandaa milango na kuifunika kwa utando wa udongo wakisubiri mvua.

Milango hiyo ni ya kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha na ardhi ikalainika, mchwa wanafanya jambo ambalo hawalifanyi siku nyingine yoyote: wanautoboa ukuta wao wenyewe. Wafanyakazi wanapanua matundu, askari wanazunguka nje kulinda, na wenye mabawa wanamiminika kwa maelfu kuelekea kwenye mwanga. Majumbani, watoto wanakinga taa juu ya beseni la maji. Katika nchi za Maziwa Makuu wapo pia wanaogonga vijiti juu ya kichuguu ili mdudu adhani mvua inanyesha. Kumbikumbi anakaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, chumvi kidogo, akaliwa na ugali. Wachache wanaoponea taa, ndege na vyura wanadondosha mabawa, wanajipanga wawili wawili na kuchimba kijishimo chao.

Nyuma yao, kichuguuni, askari wanarudi ndani mmoja mmoja. Wafanyakazi wanafika na matonge yenye majimaji, na kabla hapajapambazuka milango yote imezibwa.