Mzazi na Mtoto Darasa Moja: Kifaransa Kando ya Barabara ya Kongo

Malori yanayopita Mbalizi, mji wa mkoa wa Mbeya, kuelekea Tunduma hayaishii Zambia. Mengi huendelea hadi Lubumbashi na Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kufuata shaba na kobalti ya Katanga. Kiswahili wanachokikuta huko madereva wake kimejaa Kifaransa: namba, siku za wiki, bei, vipuri vya gari. Wakirudi, baadhi ya maneno hayo hurudi nao, na mama lishe wa kando ya barabara huyasikia kabla hata chai haijamiminwa.

Kwa hiyo Kifaransa si lugha ya mbali sana kwa mji huu. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kiswahili, na mwaka uliofuata Kongo yenyewe ikajiunga. Rwanda na Burundi zilikuwa zimeshaingia tangu 2007. Mzazi wa Mbalizi anayemtazama mwanawe wa miaka miwili akiburuta kopo kwa kamba uani ana haki ya kujiuliza kama amwanzishie lugha hiyo mapema. Kinachomkwamisha ni jambo jingine: atamfundishaje wakati yeye mwenyewe hajui hata kusalimia?

Jibu la haraka ambalo wengi hulikimbilia ni simu. Nunua bando, fungua katuni za Kifaransa, mwache mtoto ajifunze. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichapisha matokeo ya jaribio linalogusa jambo hilo moja kwa moja. Walichukua watoto wa miezi tisa wa familia za Kimarekani, wakawaletea watu wanaozungumza Kichina cha Mandarin wacheze nao na kuwasomea vitabu kwa vipindi 12, kila kimoja dakika 25. Mwishoni watoto hao waliweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo wenzao waliosikia Kiingereza tu hawakuzitambua. Kundi jingine lilisikilizishwa watu walewale, maneno yaleyale, kwa muda uleule, ila kupitia televisheni au sauti iliyorekodiwa. Hawakuambulia kitu.

Katuni si sumu. Lakini mtoto mchanga hujifunza lugha kwa mtu anayemtazama usoni, anayemjibu, anayemnyima kijiko mpaka akiombe. Katuni ikichezwa huku mama amekaa pembeni, anarudia maneno na kuonyesha mbwa wa kwenye kioo kisha mbwa wa jirani, hapo kuna mazungumzo. Mtoto akiachiwa simu peke yake ili jikoni kuwe na utulivu, anapata picha na makelele.

Hapa ndipo mzazi asiyejua Kifaransa anapokuwa na faida asiyoitegemea. Watu husema ubongo wa mtoto hunasa kila kitu na wa mtu mzima umeshakauka. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walilipima jambo hilo Uholanzi, wakafuatilia wazungumzaji wa Kiingereza wa umri tofauti waliokuwa wakijifunza Kiholanzi, na mwaka 1978 wakaandika walichokiona. Katika miezi ya mwanzo vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima ndio waliokwenda kasi zaidi, na watoto wa miaka mitatu hadi mitano wakawa nyuma katika vipimo vingi. Mtoto hushinda baadaye, kwa miaka, hasa kwenye matamshi. Mwanzoni baba anayejua kusoma, kulinganisha na kuandika kwenye daftari humtangulia. Anaweza kujifunza neno la maji na sabuni usiku, na kesho yake akalitumia wakati wa kumwogesha.

Matamshi ni habari nyingine. Kiswahili kina irabu tano. Kimalila na Kinyakyusa vina saba, na mtoto aliyelelewa na bibi anayezungumza mojawapo ana sikio lililozoea tofauti ndogo zaidi. Kifaransa kina zaidi ya kumi, nyingine zikipitia puani, na juu yake kuna ile «r» ya kooni. Mzazi atakosea, na mtoto atayaiga makosa hayohayo. Dawa yake ni kumtafutia sauti nyingine za watu: Mkongo anayefanya biashara mjini, mwalimu wa sekondari aliyesomea lugha hiyo, na nyimbo za watoto kwa kuongezea.

Kuna kanuni maarufu ya mzazi mmoja lugha moja. Ilipata nguvu mwaka 1913, Mfaransa Jules Ronjat alipochapisha kitabu kuhusu mwanawe Louis, aliyezungumza Kifaransa na baba na Kijerumani na mama. Familia ya Ronjat ilikuwa na wenye lugha wawili ndani ya nyumba. Mbalizi haina anasa hiyo, na anayeilazimisha ataishia kuwa baba bubu. Afadhali lugha ifungwe kwenye shughuli: kuoga ni Kifaransa, kuhesabu viazi mviringo vinapomenywa ni Kifaransa, mengine yabaki yalivyo. Tena matarajio yawe ya kiasi. Annick De Houwer alipochunguza familia za Ubelgiji zilizokuwa na lugha mbili nyumbani, mwaka 2007 aliripoti kwamba karibu robo ya watoto hawakuzungumza lugha zote mbili.

Hofu ya kumchanganya mtoto haina msingi mkubwa. Watoto wengi wa hapa tayari husikia Kisafwa au Kimalila kwa bibi, Kiswahili uani na Kiingereza chekechea. Hofu halisi ni kwamba lugha mpya ikitafutiwa saa, ya bibi ndiyo huwa ya kwanza kunyang'anywa. Ikibidi kuchagua, bibi ashinde. Yeye yupo, ana hadithi, na hahitaji bando.

Huko Montreal, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, mambo hugeuka. Sheria ya Quebec ya 1977 huwapeleka watoto wengi wa wahamiaji kwenye shule za Kifaransa, kwa hiyo mzazi kutoka Afrika Mashariki asiye na lugha hiyo hujikuta akijifunza kwa lazima sambamba na mwanawe, na kwa kawaida akiachwa nyuma baada ya muda.

Mbalizi hakuna lazima, na msaada uko mbali. Alliance Française, iliyoanzishwa Paris mwaka 1883, ina vituo Dar es Salaam na Arusha. Kwa basi, vyote ni safari ya kutwa. Karibu zaidi ni shule: mtaala ulioboreshwa wa 2023 umekiweka Kifaransa kuwa somo la hiari kuanzia darasa la tatu, palipo na mwalimu. Mtoto wa miaka miwili atafika darasa hilo baada ya miaka sita hivi. Mzazi anayejifunza naye maneno matano kwa wiki atakuwa na zaidi ya 1,500 wakati huo, akiba ya kutosha kukaa naye mezani jioni na kusoma kazi ya nyumbani bila kumwita jirani.