Mashabiki na Klabu Pinzani katika Soka la Nje ya Ligi Uingereza

Katika soka la Uingereza klabu zinazohesabiwa kuwa za ligi ni 92 tu, yaani 20 za Ligi Kuu na 72 za madaraja matatu yaliyo chini yake, na nyingine zote, ambazo ni mamia kwa mamia, huitwa klabu za nje ya ligi, ijapokuwa nazo zina ligi zao zilizopangwa kwa ngazi. Ngazi ya juu kabisa ya soka hilo ni National League, iliyoanzishwa mwaka 1979 kwa jina jingine. Chini yake zipo kanda mbili za Kaskazini na Kusini, kisha ligi kongwe kama Isthmian na Northern Premier, na kuendelea hadi timu za vijijini. Kwa miongo mingi klabu ya nje ya ligi haikuweza kupanda daraja kwa ushindi wa uwanjani peke yake, kwa kuwa nafasi ilitolewa kwa kura za klabu zilizokwisha kuwamo, na ni mwaka 1987 ndipo Scarborough ilipokuwa ya kwanza kupanda moja kwa moja kwa kutwaa ubingwa, huku Lincoln City ikishuka kuipisha.

Mashabiki wa klabu hizi huanza kuizungumzia mechi siku kadhaa kabla haijachezwa, na sehemu kubwa ya mazungumzo yao humhusu mpinzani. Huulizana kama uwanja wa wenyeji bado una ule mteremko unaompa faida anayeshambulia kuelekea chini, kama kipa wao amepona, na kama mshambuliaji aliyewahi kuvaa jezi yao ataanza dhidi yao. Swali hili la mwisho huulizwa karibu kila wiki, maana wachezaji wa ngazi hizi, ambao wengi wao hushika kazi nyingine mchana na kufanya mazoezi jioni, huhamahama baina ya klabu jirani, kiasi kwamba ni nadra timu ngeni kufika bila sura inayofahamika. Ujuzi wa namna hii hautoki katika magazeti makubwa, ambayo nafasi yake humezwa na Ligi Kuu, bali hutunzwa na mashabiki wenyewe na kupitishwa kwa mdomo, na pia huandikwa katika vijitabu vya mechi, ambavyo kwa desturi hutenga ukurasa mmoja au zaidi kueleza historia ya klabu ngeni. Ukurasa huo wapaswa kuthaminiwa, kwa sababu klabu ndogo ambayo haina wa kuisimulia huweka kumbukumbu zake, kwa kiasi kisicho kidogo, mikononi mwa wale inaoshindana nao.

Mazingira ya uwanjani nayo huyapa mazungumzo hayo sura yake. Katika viwanja vingi vya ngazi za chini mashabiki wa pande mbili hawatenganishwi, na ipo desturi ya kuhama wakati wa mapumziko, ambapo kila kundi huzunguka kwenda kusimama nyuma ya lango ambalo timu yake italishambulia katika kipindi cha pili, nayo makundi hayo hupishana njiani. Aidha, sheria ya mwaka 1985 inayokataza kunywa pombe mahali ambapo mchezo unaonekana huzihusu ngazi tano za juu, hivyo kuanzia ngazi ya sita shabiki aweza kusimama kando ya uwanja na glasi yake mkononi, karibu na mtu wa upande wa pili. Anayemsema mpinzani katika hali hiyo husikiwa naye, hujibiwa papo hapo, na baada ya filimbi ya mwisho hukutana naye tena katika baa ya klabu. Watani wa jadi wapo, na mechi zao za sikukuu ya mwaka mpya huchezwa kwa ukali, lakini utani wa watu wanaojuana kwa sura haufanani na kelele za wasioonana.

Jambo zito zaidi linalozungumzwa ni uhai wa klabu pinzani yenyewe: mmiliki wake ni nani, mishahara inalipwa na nani, na uwanja uko chini ya nani. Historia ya Hereford inaeleza vizuri kwa nini maswali hayo si umbea. Hereford United ilipata sifa mwaka 1972 ilipoitoa Newcastle katika Kombe la FA kwa mabao 2-1 ikiwa timu ya nje ya ligi, na mwaka huohuo ikachaguliwa kuingia ligini. Tarehe 3 Mei 1997 ilicheza nyumbani na Brighton siku ya mwisho ya msimu, mechi iliyoamua nani ashuke. Zilitoka sare ya 1-1, pointi zikalingana, na Hereford ikashuka kwa kuwa Brighton ilikuwa imefunga mabao mengi zaidi msimu mzima. Brighton yenyewe ilikuwa hatarini kufa, na mwezi Februari mwaka huo mashabiki wa klabu nyingi walikuwa wamekusanyika katika uwanja wake kuiunga mkono. Hereford ilirudi ligini mwaka 2006, ikashuka tena 2012, na mwezi Desemba 2014 ikavunjwa mahakamani kwa sababu ya madeni. Wakazi wa mji waliunda klabu mpya, Hereford FC, iliyoanza katika ngazi ya tisa mwaka 2015 katika uwanja uleule wa Edgar Street, na Mei 2016 ikafika fainali ya FA Vase, kombe la klabu za ngazi za chini, iliyochezwa Wembley. Ilifungwa na Morpeth Town mabao 4-1. Klabu iliyopitia hayo yote haiwezi kuzungumzwa na wapinzani wake kama timu ya kawaida ya Jumamosi, na shabiki anayeijua habari hiyo hulitazama kaburi la klabu ya jirani kama onyo kwa klabu yake mwenyewe.

Soka hili limeigusa pia Tanzania. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa mchezaji wa Solihull Moors, klabu ya nje ya ligi, alipokwenda Misri na timu ya taifa, Taifa Stars, kwa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2019. Katika michuano iliyochezwa Côte d'Ivoire Januari 2024, kikosi cha Taifa Stars kilikuwa na Haji Mnoga wa Aldershot Town na Tarryn Allarakhia wa Wealdstone, klabu mbili zilizokuwa zikishindana katika National League msimu huohuo, hivyo mashabiki wa pande zote mbili walipowafuatilia wachezaji wao walijikuta wakiishangilia timu moja.